Nzi wa Kijivu

Mgeni wangu wa leo ni daktari wa meno kutoka Zurich.
Amefungua sanduku lake juu ya mwamba:
nzi mia mbili wa bandia, wamepangwa kwa rangi
kama vifungo kwenye duka la cherehani,
na ananiuliza, Madlaina, nifunge yupi?

Namwambia asubiri.
Nainama mtoni, napindua jiwe.
Chini yake wamo vibuu waliojijengea nyumba za changarawe,
na mmoja mwembamba, mikia mitatu, anakimbilia giza.
Cha mvunguni huinamiwa; cha mtoni huloweshewa mikono
mpaka vidole visijue ni vya nani.

Asubuhi, namwambia, maji ni kioo:
funga mdogo, uzi mwembamba,
tembea kama mwenye mtoto aliyelala mgongoni.
Saa nane mchana jua litakuwa limeilamba barafu kule juu,
mto utashuka kama maji yaliyooshea mchele.
Hapo funga mkubwa, mzito,
kitu ambacho hata samaki kipofu atajikwaa nacho.
Radi ikinguruma na sisimizi wenye mabawa wakianguka,
funga sisimizi, usijifanye msomi.

Na ziwani? anauliza.

Ziwani.

Ziwa liko juu, mwendo wa saa tatu.
Barafu yake huvunjika katikati ya Juni
na samaki huzunguka ukingoni kama walinzi wa zamu ya usiku.
Huko kaka yangu Chasper alisema kijivu.
Mimi nikasema mweusi.
Wake alimfunga kwa manyoya ya sungura
na uzi alioufumua kwenye soksi ya shule.
Wangu alikuwa na unyoya wa shingo ya jogoo, amesimama wima, wa kujidai.
Tukawekeana dau: atakayeshindwa
apasue kuni za nyumba zote mbili, majira yote ya baridi.

Nilimtupa mweusi tangu alfajiri
hadi kivuli cha mlima kikavuka maji.
Walikuja, wakamtazama, wakaenda zao
kama watu waliosoma bei.

Chasper akaenda nyuma ya mwamba kujisaidia.
Kofia yake ikabaki majanini, kijivu amechomekwa ukingoni mwake.
Sikufikiri. Mkono ndio uliofikiri.
Kijivu akatua, akazama kiasi cha ukucha,
na ziwa likafumbua mdomo.

Aliporudi, samaki alikuwa anapigapiga mkia kwenye nyasi,
mrefu kutoka kiwiko changu hadi vidoleni, tumbo rangi ya chungwa,
na mdomoni mwake
nilikuwa nimeshamchomeka mweusi.

Majira yote ya baridi nililisikia shoka lake.
Nilikunywa chai, nikalisikia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ina miaka kumi na mmoja na bado inapanda.

Na linaloninyima usingizi ni hili:
Chasper aliniamini.
Tangu siku ile hafungi mwingine ila mweusi,
ziwani, mtoni, jua, mvua,
na anavua. Anavua kunishinda.
Anamtupa bila shaka yoyote, anamwacha akae,
hamvuti kabla ya wakati kama sisi tunaojua mengi.
Wageni wakimuuliza siri yake, hunyoosha kidole kwangu:
dada yangu huyo, ndiye aliyenifundisha.

Kijivu ninaye. Yumo ndani ya kibiriti, mfukoni,
manyoya yameliwa na nondo, ndoana imeshika kutu.
Kila Juni napandisha naye ziwani.
Kila Juni nashuka naye.

Daktari bado anasubiri, ncha ya uzi mkononi.
Mweusi, namwambia.
Anafunga. Fundo lake baya, namfungulia, namfungia upya.
Ng'ambo ya mto Chasper anatupungia kofia.
Ameshapata wa tatu.