Bila Hodi

Saa kumi na mbili kasoro robo, Naryn bado usiku,
theluji imefika magotini
na sisi watatu tumefika bila hodi:
Burulai daktari, Ernis wa sheria,
na mimi Zuura, niliyefundisha hesabu miaka thelathini
na sasa nahesabu watu.

Hodi ni adabu ya mgeni, najua.
Lakini hodi humpa mwenyeji muda
wa kufagia, wa kufunika sufuria,
wa kumhamishia mtu chumba cha nyuma.
Ndiyo maana sheria imetunyima adabu hiyo
ikatupa karatasi yenye muhuri.

Askari wa zamu anaisoma mara mbili,
ya tatu anaigeuza,
kana kwamba jibu limeandikwa nyuma.
"Kamanda amelala."
Mwache alale.

Seli ya nne inanuka rangi mbichi.
Ukuta mmoja tu umepakwa,
kutoka sakafuni hadi kimo cha kichwa
cha mtu aliyekaa.
Burulai anaugusa. Kidole kinarudi cheupe.
Hasemi kitu.

Natandaza futi kamba ya fundi cherehani:
mita tatu kwa mbili na nusu,
watu saba, magodoro manne.
Darasa langu la tatu wangeimaliza hesabu hiyo:
wanne wanalala,
watatu wanasubiri kulala.
Kipimajoto kinasoma tisa.
"Jiko limeharibika jana," anasema askari,
na mzee mmoja pembeni anakohoa jana hiyo
tangu Novemba.

Kisha mmoja mmoja, mlango umefungwa, askari nje.
Almambet, mchunga farasi wa At-Bashy,
vidole amevificha ndani ya mikono ya sweta.
"Hawajanigusa," anasema,
nami sijauliza.
Burulai anamimina chai kutoka chupa yetu.
Kijana anakipokea kikombe kwa viganja viwili,
vidole vimesimama kando
kama vya mtu mwingine.
"Nilianguka kwenye ngazi."

Hatukumbana. Aliyebanwa habanwi tena.
Tulikunywa chai mpaka ikaisha.

Daftari la zamu, sasa.
Tarehe tatu: ameanguka kwenye ngazi.
Tarehe tisa: ameanguka kwenye ngazi.
Tarehe kumi na nne: wawili, usiku mmoja, ngazi ile ile.
Mwandiko mmoja, wino mmoja.

Kamanda anaingia akifunga vifungo,
nyuma yake mkate wa moto na siagi.
"Mwalimu, hapa hatuna la kuficha."
Vizuri, nasema. Nionyeshe ngazi.

Anatazama huku. Anatazama kule.
Jengo lina sakafu moja, halina hata ghala la chini.
Kuna kizingiti mlangoni, basi.
Njia ya mwongo ni fupi, husema watu;
hii nimeipima:
sentimita kumi na moja.

Tukaandika. Ernis akapiga picha kurasa zote,
kamanda akatia sahihi kwa mkono uliokuwa na siagi.
Saa nne tukaondoka.
Almambet hakuondoka.

Garini Burulai hakukifuta kidole chake.
Hakuna aliyesifu kazi.
Ripoti haifungui kufuli, hilo tunalijua,
na saa mbaya kuliko zote katika nyumba ile
ni ile mgeni akishaaga.

Tulipofika darajani
nikamwambia Ernis ageuze gari.