Mstari wa Mwaka wa Farasi

Rentaro, mwanagenzi wetu, aliikodolea macho karatasi ya ukutani,
akauliza: "Bi Chizuru, mbona mnaiita piramidi?"
Swali la mgeni. Sisi tulikwisha kulizoea jina,
kama watu wanavyoendelea kumwita Mrefu
kaka aliyekwisha pinda mgongo.

Nikamwonyesha: wanaume kushoto, wanawake kulia,
mistari imelala kama kuni zilizopangwa kungoja theluji,
kila mstari mwaka mmoja wa kuzaliwa,
wachanga chini, wakongwe juu,
na urefu wa mstari ndio hesabu ya vichwa.
Alipozaliwa bibi yangu umbo lilikuwa kichuguu,
kitako kipana, ncha kali:
wengi waliingia, wengi wakafa kabla ya kupanda ngazi ya pili.
Usiutamani upana ule kabla hujauliza ulilipiwa nini.
Leo ni pia ya mtoto,
tumbo juu, ncha chini.
Na pia, Rentaro, husimama maadamu inazunguka.

Soma polepole.
Palipovimba ndipo vita vilipokwisha, wanaume wakarudi makwao.
Palipovimba tena, chini yake, ni watoto wa uvimbe ule.
Uvimbe wa tatu tuliungoja. Tulijenga na madarasa.
Haukuja. Madarasani sasa tunaotesha uyoga.

"Na pengo hili?"
Kidole chake kilitua palepale,
kwenye mstari mfupi kati ya mirefu,
jino lililong'oka katika kinywa kilichojaa.

Mwaka wa farasi wa moto, nikasema.
Huja mara moja kila miaka sitini.
Walisema binti azaliwaye mwaka huo humla mumewe.
Hapakuwa na vita, wala njaa, wala tauni;
neno tu,
na robo ya watoto wa nchi nzima hawakuja.

Lililobaki sikumwambia.
Kwamba nililia kilio cha kwanza usiku wa Novemba, mwaka huohuo;
kwamba baba alinyamaza hadi Januari,
ndipo akavaa viatu vya theluji, akaja dirisha hilihili
kuandikisha binti "wa juzi".
Nilitembea mapema mno, majirani wakastaajabu.
Mama akajibu: ni supu ya soya.
Miaka thelathini na sita nimelinda daftari la mji,
sikuruhusu kosa hata la siku moja,
nami mwenyewe ndimi kosa,
nimejibanza kwenye mstari wa jirani.
Mume wangu alifariki mwaka juzi. Moyo, alisema daktari.
Mama mkwe, ambaye hakuambiwa kitu,
alinitazama msibani kwa muda mrefu.

Mwaka huu farasi amerudi,
amekuta zizi tupu.
Hakuna aliyemwogopa. Wasiozaa wana yao:
kodi ya nyumba, zamu za usiku,
mzazi kitandani anayehitaji kugeuzwa ubavu.
Mwaka jana mji mzima tuliandikisha watoto saba,
tukazika mia moja na kumi na wawili.

Jumanne, juma langu la mwisho kazini,
akaja Diep, yule Mvietnamu anayewaogesha wazee wetu kule kilimani,
kichanga kifuani, ndani ya koti, kofia tu ikionekana.
"Wa kike?"
"Wa kike."
"Amezaliwa lini?"
"Jumamosi."
"Una hakika?"
Akanishangaa. "Nilikuwepo," akasema.

Nikaandika Jumamosi.
Nikabonyeza muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kwenye karatasi ya mji wetu mtu mmoja ni milimita mbili.
Nikachukua rula, nikapanda kigoda bila sababu,
maana mstari wenyewe uko chini kabisa, nikashuka, nikapiga magoti,
nikaurefusha upande wa kulia.

Rentaro akapima nyuma yangu, kama nilivyomfundisha.
"Umezidisha," akasema. "Nusu milimita."

Ufutio ulikuwa mfukoni.
Nikauacha huko.