Theluthi

Dalali kaja na futikamba, kapima sebule,
kapima hadi kivuli cha mti wa cheri.
Masizi hakupima.

Miaka arobaini Drahomíra alianua shuka nyeupe
zikiwa kaniki kabla hazijakauka.
Tanuri za Ostrava, ng'ambo ya reli,
zilikuwa jirani asiyepiga hodi.
Nyumba waliipata kwa bei ya pikipiki kuukuu.
"Rahisi ni ghali," alisema Bohuš, akakohoa,
akacheka, akakohoa.

Sasa dohani imezimika. Mtoni wamerudi bata.
Pana njia ya kukimbilia, pana mkahawa
wa vijana wenye vijibwa vya kubebwa.
"Hewa," anasema dalali, "hewa peke yake
imeongeza theluthi."

Drahomíra anammiminia chai.
Anauliza, kwa upole wa mtu anayedai chenji:
theluthi hiyo tuliyopunguziwa siku ile,
nani aliilipa usiku kwa usiku,
kidogo kidogo, ndani ya leso?

Dalali anaandika: vyumba vitatu. Bustani.
Dirisha la kusini.

Nje, shuka kwenye kamba.
Anatoka kuzigeuza, upande huu, upande ule,
anazinusa.
Hajazizoea bado.