Masahihisho ya Safu ya Ijumaa

Niliandika maneno mia mbili na kumi
juu ya meza ya mgahawa, Barabara ya Nane,
chapati ikipoa, mhariri akipiga simu kila dakika.
Niliandika: santuri hii haina kiuno.
Niliandika: mpiga saksafoni anasitasita
kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.
Nikafunga kwa methali ya debe tupu,
desturi ya wasio na hoja,
nikaenda kulala.

Walikuwa wanne.
Kaniki Shekiondo, karani wa mizani kwenye kampuni ya mkonge.
Rozina Fonseka, aliyefundisha nota kwa masista,
vidole vifupi, kinanda kilichokosa pembe mbili.
Hizza Semkiwa na besi lililompita kimo.
Na Mwinyikai ngomani, fundi baiskeli wa Ngamiani,
ambaye akigusa spoku
hukwambia ipi imelegea
kabla hajaiangalia.

Studio ilikuwa ghala. Magunia ukutani
yameshonwa mawili mawili kuua mwangwi,
vumbi la katani hewani, hata Rozina
akapiga chafya katikati ya kipande cha pili.
Wakaiacha.
Wakaacha na honi ya treni
iliyoingia kipande cha nne bila hodi:
Kaniki akaisikia, akashusha sauti,
akaipisha kama unavyompisha mgeni mlangoni,
kisha akaingia nyuma yake.
Mimi nikaandika: uzembe.

Wenzangu nao. Yule wa gazeti la Jumapili
aliuliza huu ni muziki wa nani.
Wa redio alisifu jalada,
baiskeli isiyo na mnyororo,
na jina, *Barabara Isiyo na Namba*,
saa yake ikaisha hajaiweka sindano.
Mwanafunzi mmoja wa ualimu, Korogwe,
alimwandikia mhariri kwa kalamu ya kijani:
“Nimeisikiliza taa ikiwa imezimwa.
Nimemkumbuka mtu ambaye sijawahi kukutana naye.”
Niliisoma kwa sauti chumba cha habari.
Tulicheka mpaka chai ikamwagikia picha za mpira.

Zilitolewa nakala mia tano.
Mia tatu na sitini zikarudi na maboksi yake.
Mwinyikai alitundika moja kibandani,
akaizungushia maandishi ya chokaa: TUNAZIBA PANCHA.

Kaniki nilikutana naye posta,
kwenye foleni ya stempu.
“Nimekusoma,” akasema.
Nikangoja matusi. Hayakuja.
“Ulitusikiliza mara ngapi?”
“Mara moja.”
“Aa. Basi huna kosa,” akasema,
“mara ya kwanza hata mimi sikuelewa.”
Akalamba stempu yake, akaibandika, akaaga.

Sasa sikio langu la kushoto limefunga duka.
Kaniki tumemzika, mvua ya vuli, watu kumi na wanane.
Jana usiku nimeitoa nakala waliyonipa,
nikaipangusa kwa shati la ndani.
Haina mkwaruzo hata mmoja.
Huo ndio ushahidi, nauleta mwenyewe.

Nimeketi upande wa sikio zima.
Chafya ile. Mungu akubariki, Rozina, popote ulipo.
Kisha honi,
na Kaniki anasogea,
anasogea tena, miaka thelathini na moja,
nafasi aliyoiacha ina upana wa behewa,
na mimi niliyekuwa na kalamu
sikuona kwamba mtu amesimama pembeni makusudi.

Kwa hiyo, mhariri, kama bado kuna gazeti:
palipoandikwa “haina kiuno,”
pasomeke “mwandishi hakuinuka kitini.”
Palipoandikwa “uzembe,” pasomeke “adabu.”
Ile methali ifutwe,
au iachwe, lakini jina langu likae karibu nayo.

Kuna jingine, sikumwambia hata marehemu mke wangu.
Nimeigeuza santuri sasa hivi.
Mifereji ya upande wa pili inang’aa
kama siku ilipotoka kiwandani.
Safu ile niliiandika kwa nusu.
Sindano iko mkononi, mkono unatetemeka kidogo.
Sijui humu ndani mna nini.