Korija

Nyumba hii ya Muharraq ina vyumba tisa
na vyote ni vyembamba.
Wageni huuliza: tajiri wa lulu,
mla samli na wali wa zafarani,
kwa nini alale kwenye ujia kama mlinzi wa ghala?
Bi Lulwa huwaonyesha dari kwa ncha ya kalamu.
"Boriti hizi zilitoka Afrika. Mti uliishia hapo,
ukuta ukaufuata."

Halafu huwapeleka kwenye jasi iliyochongwa,
nyota ndani ya nyota, matundu ya kupenyeza upepo,
kisha kwenye kioo kilichofunika daftari la madeni:
mzamiaji fulani, mchele gunia moja, tende makapu mawili,
deni la baba limemwangukia mwana.
Mabruki yumo. Faraji yumo, mara tatu,
bila jina la baba.

Mimi hungoja watoke
ndipo nifute alama za vidole vyao.

Naitwa Somoe, mtu wa Salale,
pale Mto Rufiji unapogawanyika vidole.
Kazi yangu ni vumbi.
Vumbi la huku halina adabu; ukilifukuza mlangoni
linarudi dirishani na nduguze.
Lakini siku ya kwanza niliegemeza ufagio, nikatazama juu,
nikahesabu kama babu Ungando alivyonifunza,
kwa korija, ishirini ishirini,
pau kando, mazio kando, boriti kando,
kila korija na mkato wake wa shoka.
Chumba cha tajiri: korija moja kasoro mbili.

Nikanyosha mikono toka ukuta huu.
Pima moja, na nyingine sikuimaliza.
Kumbe mtu mkubwa yule alilala kwa kipimo chetu,
urefu wa mti anaouweza mtu mmoja begani
tope likiwa kiunoni na maji yanajaa.

Nikamwuliza Bi Lulwa nani alizikata.
Hakucheka. Alifungua majalada, akaperuzi:
bei ipo, idadi ipo, nahodha yupo na kaka yake yupo.
"Mkataji hawakumwandika," akasema,
akanikazia macho kana kwamba ningemtajia.
Ningemtaja nani? Babu alikuwa hajazaliwa.
Siwezi kusema ni wetu.
Kusema si wetu, hilo pia siliwezi.

Ijumaa moja plasta ikabanduka pembeni,
vichwa vinne vya boriti vikachungulia.
Nikavipiga picha, nikamtumia mama.
Jibu lilikuja usiku, sauti yake na vyura nyuma yake:

"Tatu mikoko, tena mizuri, wekundu haujatoka.
Hiyo ya nne, mwanangu, mchu.
Tazama ilivyojipinda. Tazama pete zake.
Mchu hatujengei, mchu ni kuni za kuchomea chokaa.
Huyo tajiri wako alipigwa!"

Akacheka hadi salio likamwishia.

Sasa Bi Lulwa akisema, "Boriti hizi zilitoka Afrika,"
mimi niko pale kiooni na kitambaa changu,
juu ya madeni ya Faraji,
namfikiria kijana mmoja asiyeandikwa:
jua linamkimbia, korija imepungukiwa mti mmoja,
mnyapara anaita kutoka ng'ambo ya mkondo.
Anautupia jicho mchu ulio karibu.
Anatazama kushoto. Anatazama kulia.
Anaukata.

Mama anasema mchu haumalizi masika kumi.
Leo asubuhi nimepanda ngazi nikaupangusa.
Mkavu kama mfupa. Umebeba paa.

Bi Lulwa sijamwambia bado.
Natafuta Kiarabu
cha kicheko kile.