Mpeta

Saa nane za usiku, Mtambwe, mwezi wa kumi.
Mimi na mama tunalinda karafuu
zilizolala uani juu ya majamvi saba.
Mvua ikija tukunje, mwizi akija tupige kelele.
Hakuja mwizi, haikuja mvua.
Kimekuja kimondo, kimepita juu ya migomba
kama ukucha ukikwaruza masizi ya sufuria,
kikazimika sijanyanyua kidole.

"Shetani kapigwa," kasema mama,
kwa sauti ya mtu anayehesabu pishi.
Kisha, baada ya kitambo:
"Mimi ile yenyewe niliikosa."

Najua. Nimekua na kisa hiki
kama wengine walivyokua na paka ndani ya nyumba.
Aprili ya themanini na sita redio ikasema
nyota ya mkia inapita,
ikishapita ni miaka sabini na sita.
Watu wakajaa kiwanja cha skuli,
masika yakawawekea dari la wingu, siku tatu.
Ya nne likapasuka robo saa:
Bi Tufaha akaiona, Faki Bakari akaiona,
hata Subeti chongo akaiona kwa jicho lake moja.
Mama alikuwa ndani, kampakata kaka yangu Shaame,
anaungua kwa surua.
"Waliporudi wakanionyesha kwa mikono: kubwa hivi.
Kila mtu na hivi yake."

Miaka kumi na miwili nasomesha fizikia watoto wa watu
na mama yangu sijamweleza.
Nikachota karafuu kiganjani.

Mama, ile ni bonge la barafu na vumbi,
chafu kama barafu ya ndoo za samaki pale Wete.
Ikilikaribia jua, inavuja.
Vumbi linabaki njiani, punje, punje,
nyingi hazifiki hata kichwa cha karafuu hii,
yenyewe ishakwenda zake gizani.
Na sisi, dunia nzima na majamvi yetu,
kila Oktoba tunaikata njia ile,
punje zinatuingilia kwa kasi, zinawaka.
Mwezi wa tano tunaikata tena, upande wa pili.
Ulichokiona sasa hivi kilidondoka kwake,
zamani, kabla hata ya huu mji kuwa na jina.

Kimya. Vidole vyake vinachambua,
konyo huku, karafuu huku,
vidole vilivyoanza kazi utotoni
chini ya mikarafuu isiyokuwa yetu,
vikiparura majani, msimamizi akipiga ukelele,
jioni kibaba kimoja kwenye pindo la kanga.

"Kwa hivyo ni mpeta."
"Ni mpeta, mama."
"Na mwenye shamba keshapita."
"Keshapita. Hadi elfu mbili sitini na moja."
Akaguna.
"Basi hajui kufunga gunia, huyo."

Kikaanguka kingine, karibu na bega la Jabari,
kirefu, cha kijani kidogo mwishoni.
Mama hakumtaja shetani.
Alisema, "Viwili,"
akahamisha mkeka wake usiwe chini ya upenu.

Alfajiri tulikuwa na kumi na tisa;
vitatu tunavigombania mpaka leo.
Kabla hata chai haijachemka
kampigia Shaame simu, Tanga, kamwamsha:
"Ile surua yako nimekusamehe kibaba kimoja.
Pishi nzima bado."