Alama za Penseli

Barua yako, Gunnvor, ilikuwa na mistari mitatu tu.
Uliitia kwenye bahasha, ukaibandika stempu,
ikazunguka hadi posta ya mjini Tromsø, ikarudi,
safari ya siku nne
kutoka mlango wa buluu hadi mlango wa kijani.
Hatua thelathini na moja. Nimezihesabu.

Miti yako imeniibia jua.
Nakuomba uikate.
Wako, Gunnvor Myrvang.

Nikasema: jua halina hatimiliki.
Nikasema: mtu mzima na akili zake
anailaumu miti kwa jambo la Mungu na majira.
Nikaikunja barua, nikaiweka chini ya mguu wa meza,
ile iliyokuwa ikiyumba tangu Pasaka.
Ikatulia. Nikaona nimejibu.

Nawe hukujua, au ulijua ukasahau,
kwamba sikuipanda kwa kiburi.
Borghild hakutaka mti wa Krismasi uliokatwa.
Kila Desemba tulinunua mmoja na mizizi yake, ndani ya ndoo,
ukakaa sebuleni na taa zake kama bi harusi,
kisha bandani, hadi Mei ardhi ilainike,
ndipo tuuchomeke pale uani, upande wako.
Krismasi tisa. Misonobari tisa.
Wa nne una kibyongo kwa sababu mbwa aliukalia.
Nani angedhani kitu kilichonifika kiunoni,
kilichobeba malaika wa karatasi,
kingekuja kulipita paa?

Borghild yuko makaburini, mwaka wa sita huu.
Miti haijui. Inaendelea.

Tarehe ishirini na moja Januari
mji mzima hutazama kusini.
Watoto hutolewa madarasani,
tunakula maandazi yenye jemu, midomo imejaa sukari,
kwa kuwa jua lililotutoroka Novemba
limechungulia kati ya milima, dakika chache,
jekundu kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto.
Mwaka ule nikabeba maandazi manne, nikaja kwako.
Sikuja kwa wema. Nilikuja kushinda.
Nilitaka unionyeshe hilo jua lililoibiwa.

Hukubishana. Ulinivutia kiti.
Ukanionyesha ukuta kando ya jokofu,
pale ambapo wenye watoto huandika vimo vyao.
Wewe uliandika tarehe,
kwa penseli, moja chini ya nyingine:
24 Januari 1988.
24 Januari 1989.
25. 25. 28.
Mwaka 2003, Februari mosi.
Mwaka 2011, Februari tisa, na neno: kidogo.
Mwaka uliotangulia, Februari kumi na tisa.
Hakuna lawama popote. Penseli tu.

Nikatazama nje.
Miaka yote ile sikuwahi kuiona miti yangu
kutoka upande huu.
Kwangu ni mgongo wa bustani, mahali kunguru wanapolala.
Kwako ni ukuta mweusi usio na mwisho juu,
na saa sita mchana umewasha taa ya mezani.
Dirisha usilolikalia hujui kivuli chake.
Andazi likanishinda kumeza.

Eirik alikuja Aprili na msumeno wake wa injini.
Nilimwambia mitano. Ule wenye kibyongo auache.
Kila mmoja ulipolala ulinukia Krismasi,
pale uani, theluji ikiyeyuka,
na kijana anauliza nataka kuni au azibebe.
Nikamwambia subiri.
Nikaingia ndani kidogo.

Leo ni tarehe ishirini na sita.
Ile minne iliyobaki imekula siku mbili, kwa makadirio yangu.
Saa sita na dakika kumi nimesimama jikoni kwangu
naona kitu nisichokiona tangu mwaka wa tisini na tano:
dirisha lako, na wewe ndani yake,
nywele hazijachanwa, gauni la kulalia,
penseli mkononi,
uso mzima umepakwa rangi ya chungwa.

Nikapunga mkono.
Ukapunga. Ukaandika.
Kisha, Gunnvor, ukashusha pazia.
Jipya. Bado lina mikunjo ya dukani.